Bomba Lililovishwa Nguo

Mtaa wa chini, kuanzia mashine ya kusaga nafaka mpaka ukuta wa shule, mabomba yote ya uani yalikuwa yamevaa. La kinyozi lilivaa bluu. La mwalimu mstaafu lilivaa mistari. La yule mama wa mlango wa kijani lilivaa maua, maana mwenyewe alisema hataki bomba lake lifanane na la kila mtu.

Aliyeyavisha ni mshonaji mmoja, mjane, waliyemwita Mama Pindo kwa kuwa hakuweza kuona ncha ya kitambaa inatoka nyuzi akanyamaza. Angekuja kwako kusalimia tu, akaondoka amekukunjia ukingo wa taulo.

Ilianza pale maji yalipotoka mekundu. Mabomba ya mji yalikuwa yamezeeka, na kila asubuhi maji ya kwanza yalikuja na kutu, rangi ya chai. Mama Pindo akachukua baki la kitambaa cheupe, akakata duara la kiganja, akashona pindo, akapitisha lastiki, akakivisha mdomo wa bomba lake. Maji yakatoka meupe. Alipokigeuza ndani nje, akakuta machicha mekundu yamejaa. Akapita nayo nyumba kwa nyumba. "Tazameni tulichokuwa tunakunywa!" Wiki ile akawashonea wenzake, nyumba thelathini na moja, bila kupokea hata ahsante ya mkononi. Alisema hana cha kumtolea Mungu ila vidole vyake.

Na alikuwa mtu wa tahadhari, jamani. Mkasi wake ulikaa kwenye msumari juu ya kimo cha mtu mzima. Dawa ya kutoa madoa aliifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Sindano alizihesabu kila alipofunika cherehani, na mjukuu wake wa miaka minne hakukanyaga chumba kile kabla bibi hajatamka kwa sauti, "Kumi na mbili, zimetimia." Mtoto alishinda na kulala kwake, kwa sababu baba yake alifanya kazi mbali, na mama yake, mkwe wa Mama Pindo, alikanda mikate kwenye duka la kuoka, akiingia kazini kabla jogoo hajamaliza kuwika.

Basi mtoto huyo aliyelindwa dhidi ya mkasi, sindano na dawa, akaanza kuharisha. Mara ya kwanza wakasema ni matunda mabichi. Mara ya pili, hali ya hewa. Mara ya tatu zahanati wakamtundikia dripu, akarudi mashavu yameingia ndani na macho makubwa kama ya mgeni. Mama yake akamlaza kwanza, kisha akatoka uani.

"Mama, nakwambia kwa heshima," akasema. Mama Pindo akajua heshima hiyo haina safari ndefu. "Mtoto akiwa kwangu siku za mapumziko, tumbo limetulia. Akirudi hapa, ni ndoo na shuka. Jumamosi nampeleka kwa mama yangu mzazi akakae huko."

"Huko ni safari ya kutwa nzima! Mimi nitamwona lini?"

"Bora usimwone, ila awe mzima."

"Kwani hapa kwangu kuna nini? Nyumba hii sindano haidondoki nisiisikie!"

"Sijui kuna nini, mama. Ningejua, nisingembeba mtoto. Ningebeba hicho kitu nikakitupa."

Akaenda zake na kanga begani, hakuaga.

Mtu akibanwa hutafuta wa kumsukumia, na Mama Pindo hakutafuta mbali. Mkosaji ni ofisi ya maji. Na ofisi ya maji, kwake, ilikuwa na sura moja tu, sura ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mpimaji wa maji aliyezunguka mjini na sanduku la barafu akijaza vichupa. Watoto walimwita Bi Chupa.

Mawifi hawa walikuwa hawajaongea kwa miaka kumi na moja. Siku ya kwanza ya Bi Chupa kazini alivaa gauni alilolishona Mama Pindo, akainama mbele ya wakubwa kuokota kalamu, gauni likapasuka mgongoni toka shingo hadi kiuno. Bi Chupa alisema ni makusudi. Mama Pindo aliapa siyo. Lakini Mungu alijua, na yeye alijua, kwamba uzi ule ulikuwa mkongwe, na kwamba siku ile alikuwa amenuniwa na wifi na hakuona sababu ya kupoteza uzi mpya.

Jumatano Bi Chupa akafika uani na sanduku lake.

"Umekuja kutupima au kutuzika?" Mama Pindo akamwahi.

"Kupima. Wa kuzika wana zamu yao." Akaweka sanduku chini. "Livue hilo lisoksi."

"Lisoksi? Hilo ndilo linalowafanyia kazi mnayolipwa nyie!"

Bi Chupa alichomoa koleo dogo lenye pamba, akachovya kwenye spiriti, akawasha kiberiti. Moto wa bluu ukatokea. Majirani nao wakatokea, maana moto na ugomvi havihitaji mwaliko.

"Unachoma bomba langu?"

"Nachoma vidole vyenu vilivyobaki hapo nje. Nataka maji, sitaki mikono ya watu."

"Wifi, mtoto wa kaka yako kazaa mtoto, na mtoto huyo anakufa kwa maji yenu mekundu!" Sauti ya Mama Pindo ikapanda mpaka kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu. "Hebu chukua vichupa viwili! Kimoja na kitambaa changu, kimoja bila. Mtaa mzima ujue nani anawalinda na nani anawaua!"

"Umesema mwenyewe," wifi akasema. "Nyote mmesikia?"

"Tumesikia!" akaitika mama wa mlango wa kijani, kwa raha.

Bi Chupa akajaza cha kwanza kupitia kitambaa. Akakivua kwa ncha za vidole kama anayeshika panya kwa mkia, akachoma mdomo wa bomba, akaacha maji yatiririke, akajaza cha pili. Akaandika, akakitia kitambaa kwenye mfuko wa nailoni, akaondoka nacho.

Ijumaa mchana alirudi bila sanduku. Majirani walimwona akiingia, wakasogea ukutani. Yeye akampita Mama Pindo mlangoni, akaingia hadi chumba cha cherehani, akafunga mlango.

"Soma."

Mama Pindo alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Kichupa kisicho na kitambaa: kutu nyingi, vijidudu hamna. Kile cha kitambaa: vijidudu vya kinyesi, vingi visivyohesabika.

"Umebadilisha vichupa."

"Nilidhani utasema hivyo." Bi Chupa alitoa mfuko wa nailoni, ndani kitambaa cheupe kimepasuliwa katikati. Kwa ndani kilikuwa na utelezi kama wa kambale. "Kinalowa asubuhi mpaka asubuhi, hakikauki. Hapo hapo bombani mnatawaza watoto, mnafua nepi, mnakishika mkikirekebisha. Ile dawa tunayotia majini inaishia kupigana na huu utelezi. Uchafu unakaa humo, unazaliana, unashukia kikombeni."

"Na kutu yenu?"

"Kutu ni yetu, na aibu yake ni yetu. Huu uchafu ni wako." Akaukunja mfuko akauacha juu ya cherehani. "Acheni maji ya kwanza yamwagike mpaka yatakate. Tegeni ndoo safi yenye mfuniko, kutu itulie chini, mteke ya juu mchemshe. Karatasi hii ningeweza kuisoma barabarani, wifi. Mgongo wangu ulionekana na watu, na wako ungeonekana. Sikukupenda jana na leo sikupendi. Ila mtoto ni damu ya kaka yangu."

Akatoka. Majirani wakamuuliza, akawaambia, "Muulizeni mwenyewe."

Mama Pindo akabaki na karatasi. Hakuna aliyeijua ila yeye, wifi yake na Mungu. Kitambaa angekichoma kimyakimya. Mkwe angeambiwa ni maji ya ofisi, mtoto angepona, sifa ingebaki. Akakumbuka ule uzi mkongwe, jinsi alivyousikia ukilia kwenye sindano akaendelea kukanyaga pedali. Na katika zile nyumba thelathini na moja, wangapi walikuwa na watoto?

Jumamosi mkwe alikuja na mkoba, nguo za mtoto zimeshakunjwa. Mama Pindo akampa karatasi kwa mkono mmoja, mfuko kwa mkono wa pili.

"Kitu chenyewe hiki hapa. Nimekishona mimi."

Mkwe alisoma mara mbili. Akaushika mfuko, akaenda nao hadi shimo la taka, akautupa, akarudi.

"Mtoto wangu katundikiwa dripu, mama."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite mwanangu leo. Kwa mama yangu simpeleki. Nitakaa naye chumbani kwangu siku saba, ruhusa niliyoombea safari ninayo. Baada ya hapo nitakuja kuangalia mwenyewe."

Mama Pindo akashusha mkasi kutoka kwenye msumari, akatoka nao barabarani.

Kinyozi alimwachia akate, akacheka, "Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo kakushonea jirani!" Mwalimu mstaafu alimfungulia mlango bila salamu. Mke wa fundi baiskeli alimtemea maneno mbele ya wanawe: "Ulitushonea sumu ukaita sadaka!" Yeye alijibu neno moja kila mlango, "Nimekosa," akaeleza habari ya ndoo na kuchemsha, akaenda mlango wa pili. Mama wa mlango wa kijani ndiye aliyegoma.

"Ulinipa, hukuniazima. Na maua yangu siyakati."

"Yatakuua, dada."

"Basi nitakufa nimependeza."

Vitambaa thelathini vikaingia kapuni, akavichoma.

Siku ya saba mkwe alikuja, mtoto mbele, chupa ya maji ya kuchemsha inaning'inia shingoni kwa kamba. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja bombani, akatia kidole ndani ya mdomo wa bomba, akakizungusha, akakitazama juani. Akafunua ndoo. Akagusa sufuria ya maji yaliyochemshwa, ikamuunguza kidogo.

"Bibi," mtoto akauliza, "bomba limevua?"

"Limevua, mjukuu wangu."

Mkwe aliweka mkoba juu ya kiti, ndani ya mlango. Hakuufungua. "Nitampitia jioni," akasema, "na maji atakunywa ya chupa yake."

"Sawa," akasema Mama Pindo. Akaingia chumba cha kazi kuhesabu sindano, na mtoto akangoja kizingitini mpaka asikie kumi na mbili.