Nilivyombishia wakala wangu wa forodha kuhusu jeans za kuvutika, nikamponza

Wakuu, salaam kwenu humu ndani.

Mimi ni mzee, nina duka la jumla la nguo Kariakoo, upande wa Msimbazi. Shule yangu iliishia sekondari, hivyo mtanivumilia nikizunguka. Ninachoandika kimenitokea mwenyewe na kosa ni langu. Sitapunguza kitu.

Mwaka huu niliagiza katoni za suruali za kike kutoka nje, zile jeans zinazovutika. Sampuli moja nilikuwa nayo dukani.

Wakala wangu wa forodha anaitwa Zuhura. Binti mtaratibu, ana ofisi ya chumba kimoja, na leseni yake ndiyo jembe lake. Akanipigia.

"Shikamoo baba. Kabla sijajaza tamko la mzigo wako, niletee ile suruali niivute uzi."

"Marahaba. Uzi wa nini tena?"

Akanieleza. Forodha wanagawa nguo kwa kitambaa kwanza. Kuna cha vitanzi, kama fulana na sweta. Kuna cha nyuzi zinazopishana, kama khanga na jeans halisi. Kila kimoja kina sura yake na namba zake kwenye kitabu cha ushuru. Jina tunaloliita sisi dukani halina kazi pale.

Nikacheka, nikakata simu. Nikamjibu WhatsApp, na maneno yangu ni haya: "Mwanangu, nilianza kuuza nguo mama yako hajaolewa. Jeans ni jeans. Andika usinichoshe."

Akaandika.

Nikiri hapa, ofisi yake ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Kilichonizuia ni kiburi.

Mzigo ukafika, ukapangiwa ukaguzi kwenye ghala la forodha nje ya mji, mimi na Zuhura tukaenda. Afisa, kijana mpole, akatoa suruali moja, akaigeuza ndani nje, akaiwekea kioo cha kukuzia. Akamwita Zuhura aangalie. Na mimi nikachungulia.

Wakuu, vitanzi vitupu. Vimepangana kama sweta ya mtoto.

"Dada, umeandika nyuzi za kupishana. Uliiona hii kabla?"

"Sikuiona."

"Sasa uliandika kwa kuota?"

Zuhura akanitazama, hakunitaja. Nami mdomo nilikuwa nao, nikautumia kukohoa.

Akaambiwa alete barua ya maelezo, kwa nini asihesabiwe kuwa ametoa tamko la uongo. Likiingia hilo kwenye faili lake, leseni iko mashakani. Tukarudi mjini kila mtu na njia yake.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Salma, mteja wangu wa Buguruni. Nikamwonyesha sampuli, nikamwambia jeans zinakuja. Akaishika kiunoni, akaivuta mpaka nikaogopa itakatika.

"Mzee, hii taiti. Imevalishwa rangi ya jeans tu. Siku zote hizi hukujua?"

"Kwani kila mtu anajua?"

"Anayevaa anajua."

Duka zima likacheka, na mimi nikacheka mpaka machozi. Nilipomaliza nikamkumbuka binti wa watu, amekaa anaandika barua ya kujitetea kwa kosa langu. Nikafunga droo, nikampitia ofisini kwake, tukaenda wote kwa afisa.

Nikampa afisa simu yangu. Akasoma kwa sauti mpaka pale pa mama yake hajaolewa, wenzake wakageuka.

"Mzee, haya umeandika wewe?"

"Mimi. Yeye aliomba sampuli, nikamnyima. Na jana nilinyamaza kwa woga."

Tamko likarekebishwa, faini nikabeba mimi. Zuhura akapewa onyo la mdomo tu, asijaze tena kitu ambacho hajakishika.

Tulipotoka nje nikamwomba radhi.

"Baba, ya suruali yameisha," akasema. "Ile ulivyokohoa ndiyo bado."

Nikamsindikiza mpaka ofisini kwake.

Funzo langu: mtu anayesaini kwa niaba yako amekukabidhi riziki yake. Akikuomba sampuli, mpelekee.

Siku hizi kila nguo mpya naipeleka kwake kwa miguu yangu, hata soksi. Ananipa kioo niangalie mwenyewe, nikikosea ananicheka wazi. Raha yake sikuitegemea. Nimeuza nguo umri wangu wote, ndiyo kwanza najua zimetengenezwaje, na sasa natembea Kariakoo navuta fulana za watu.

Waagizaji wenzangu, nani mwingine alishawahi kumbishia wakala wake? Na mawakala mliomo humu, semeni tunavyowatesa. Nitasoma zote, na safari hii sitakohoa.