Kumtafuta Babu Makumbusho

Mama yangu hakuwahi kuingia makumbusho, na siku aliyotaka kwenda alikuwa na haja moja tu: kumwona babu yake. Babu huyo alinyongwa na Wajerumani kule kusini wakati wa Vita vya Maji Maji, na mwili wake haukurudishwa nyumbani. Kila tukisoma hitima kwa mama, Chang'ombe, anatajwa yeye kwanza, marehemu asiye na kaburi. Sasa jirani kamwambia mama kuwa kuna makumbusho mjini yana picha ya walionyongwa.

Nilitoka kwangu Madale baada ya adhuhuri kumfuata, nimenuna. Nilijua tutarudi mikono mitupu, na mama akivunjika moyo mimi ndiye nitakayemuuguza.

"Nitamjua kwa masikio," alisema ndani ya bajaji. "Masikio ya ukoo wetu hayajifichi. Hebu jitazame wewe."

Picha ilikuwa mwisho wa chumba, kubwa, imefifia. Wanaume wamesimama safu, minyororo shingoni, wanangoja kamba. Binti aliyekuwa akitembeza wageni alituambia kwa upole kwamba aliyewapiga picha hakuandika majina yao.

Mama alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. Akaanza na wa mwanzo, akahamia kwa anayefuata. Mara akasimama kwa mmoja, nikadhani kampata.

"Mbona watoto hawa?" akasema. "Wadogo kuliko wanao!"

Kweli. Miaka yote tulimwita mzee, tukamwazia na mvi na mkongojo. Wale walikuwa vijana wa kukaa kijiweni wakabishania mpira. Mmoja hata ndevu hazijaota. Nikaichukia hata ile fremu nzuri waliyotiwa.

"Yupi wetu, mama?"

"Sijui. Nimlilie yupi, nimwache yupi?"

Akajitanda khanga kichwani, akakaa sakafuni, miguu kainyoosha, kama wanawake wanavyokaa msibani. Wageni wakawa wanampitia pembeni. Muda wa kufunga ulipofika, mlinzi akaja.

"Shikamoo, bibi. Tunafunga sasa."

"Marahaba. Funga tu, mwanangu," mama akamjibu. "Mie siondoki msibani maiti hawajazikwa."

Mlinzi akanitazama mimi. Nikakaa chini karibu na mama.