Nilimnyima Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Ndugu zangu, mimi ni mkosaji, na msinitetee! Jina langu liacheni, wakwe zangu wamelisikia vya kutosha.

Nilikuwa nimerudi kutoka kwenye mkonge Tanga, na suti mpya mwilini. Pale Iguguno nikapanda lori la karanga liendalo Singida, nikawahi kiti cha mbele kando ya dereva. Loo, nilivyojiona!

Mara akaja mke wangu akimshikilia mama yake anayekongoja. Kifua kilikuwa kimembana, wanampeleka hospitali. Alipoiona sura yangu tu, mama mkwe akajifunika kaniki usoni, akasimama palepale.

Kwetu mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe wake. Hilo hata mtoto analijua. Ilinipasa nishuke upesi, nikapande juu ya magunia, yeye akae.

Mimi nikasogea kidogo nikasema, "Karibu mama, nafasi ipo!"

Dereva akanigeukia. "We kijana, shuka! Atakaaje na mkwewe?"

"Mambo ya kizamani hayo," nikajibu. "Huko Tanga tunakula nao meza moja."

Uongo mtupu! Tanga sikuwa na mkwe. Niliogopa vumbi kwenye suti, basi.

Mke wangu akaninong'oneza, "Shuka, nakuomba." Nikatazama mbele. Wakapanda juu, mama anasukumwa kama mzigo.

Njiani mvua ikawanyeshea kule juu. Nilimsikia akikohoa nyuma ya kichwa changu, na bado sikushuka. Jamani, nilikuwa na moyo gani?

Singida tulimshusha akitetemeka, hawezi kusema. Hakutoka hospitali akiwa hai.

Msibani shemeji zangu walininyang'anya jembe, wakasema udongo wangu hawautaki. Nikapeleka kondoo wa kuomba radhi, wakamrudisha. Mke wangu nilimfuata kwao. Akaniambia akiwa mlangoni, "Ulimkaribisha mama kwa mdomo, ukamfukuza kwa makalio." Hajarudi, na sasa simtazamii tena. Majuto ni mjukuu, lakini mimi hata mjukuu sitampata!

Wanaume wenzangu, ukiwa umekaa na mkweo akatokea, inuka. Usijitie mjuzi wa mambo ya mjini. Usingoje akuombe kiti, maana mama mkwe hawezi kukuomba.