Ng'ombe wa Mahari Nyuma ya Husby

Kwetu Burundi mahari bila ng'ombe si mahari. Lakini Stockholm, jamani, ng'ombe utamfuga wapi, kwenye balkoni? Basi tulikuwa na ng'ombe wa mdomoni. Mshenga anasimama sebuleni, anasifu pembe na maziwa, wazee wanapiga makofi, tunakunywa soda. Kila mtu anajua hakuna kitu.

Siku ya posa yangu, mshenga wa mchumba wangu, ambaye ni mjomba wake, alinogewa. Akasema ng'ombe wako hapa hapa nyuma ya mtaa wetu wa Husby, kwenye lile shamba la zamani, tena wamenona balaa. Baba yangu akaweka glasi chini, akavaa viatu.

"Twendeni tukawaone."

Hakuna baba anayefanya hivyo! Nilitamani kumrushia mto. Nampenda mchumba wangu, yule dereva wa basi, kuliko usingizi, halafu baba anakwenda kukagua uongo. Mama akaninong'oneza, "Akikataa leo, amekataa moja kwa moja. Unamjua." Nilimjua.

Tukafuatana nyasini, wazee na suti zao, mimi visigino vinazama. Shamba lenyewe gofu. Paa limeporomoka, mti umeota katikati ya zizi, minyororo ya kufungia ng'ombe inakula kutu ukutani. Mshenga, mtu asiye na haya, akasema, "Wamekwenda kunywa maji." Toba!

Baba akaingia ndani. Akazunguka zizi lote akishika mnyororo mmoja mmoja. Wanaume wakatazama viatu vyao. Machozi ya hasira yakanilenga.

"Basi, turudi," baba akasema kwa sauti kavu. Nikajua yangu yamekwisha.

Tulipotoka, mchumba wangu akabaki nyuma. Mtoto wa mjini Bujumbura huyo, hata akiona mbuzi anakimbia. Akaliinua lango lililoanguka majanini, limeoza, akalisimamisha mlangoni na kuliegemeza kwa jiwe. Na upande wa pili ukuta haupo kabisa!

"Unafanya nini wewe?" nikamfokea.

"Wasije wakatoka," akajibu kwa woga, wala hatanii.

Baba akageuka. Akalitazama lile lango, akalitazama tena.

"Siku tuliyokimbia Burundi," akasema, "lango la zizi langu sikupata hata nafasi ya kulifunga."

Kisha akampa mchumba wangu mkono, akamwita "mwanangu."