Bwana mifugo aliyeitambua homa ya Apolonia

Tik, tik, tik. Saa kumi na moja alfajiri giza bado limeshika uwanja wote, na sauti pekee ndani ya nyumba ni kifuniko cha sufuria ya maziwa kinachogongagonga juu ya mafiga. Apolonia Masunga hainuki kukiondoa. Amechuchumaa kando ya moto, kidevu magotini, anasikiliza.

"Yaache yachemke sawasawa," anasema. "Mwaka juzi nyumba hii haikuwa na sauti hiyo."

Apolonia, 34, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja nje kidogo ya Lagangabilili, mkoani Simiyu. Kaya 72 ziko mikononi mwake. Huzizungukia kwa baiskeli, begi mgongoni, akipima watoto utapiamlo na kuwakumbusha wajawazito kliniki.

Kila Jumanne hupeleka daftari lake zahanati, na huko hukaa benchi moja na muuguzi, afisa ustawi wa jamii na afisa mifugo. Kila mmoja hutaja nyumba inayomsumbua, na wenzake huongeza wanachokijua.

Mwanzoni alicheka. "Nikamuuliza nesi Anifa, sasa huyu bwana mifugo naye anakuja kumdunga nani?"

Mwaka juzi homa ikamwingia. Ilikuja jioni, ikamlowesha shuka, asubuhi ikamwacha kama hakuumwa. Siku chache, imerudi. Viungo vikauma hadi kupanda baiskeli ikawa kazi. Kwa miezi minane alimeza dawa za malaria mara tano, nyingine akizinunua dukani bila kipimo. Kutoka kilo 61 akashuka hadi 48. Pamba yake ikapasuka shambani, hakuna wa kuichuma.

"Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu wapime kwanza," anasema akitikisa kichwa. "Nikaona haya. Mwenye begi la afya anaumwa asichokijua, utamwambia nani?"

Majirani walikuwa na jibu lao: karogwa huyo. Jumanne moja akaenda zahanati kurudisha begi.

Anifa hakulipokea. Alimkalisha kwenye benchi akasema nyumba ya kwanza leo ni ya Apolonia. Homa ikatajwa, jasho likatajwa, viungo vikatajwa. Ndipo Nuruddin, bwana mifugo, kijana wa Bariadi mjini, akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mama Vero, yule ng'ombe wenu mweusi aliyetupa mimba, maziwa yake mnayafanyaje?"

"Tunakunywa."

"Mnachemsha?"

"Bwana mifugo, Msukuma gani anachemsha maziwa?"

Benchi zima likacheka, isipokuwa yeye aliyeuliza.

Damu ilipopimwa hospitali, ikawa brusela, ugonjwa wa ng'ombe unaomfikia mtu kwa maziwa mabichi au kwa kushika ndama aliyetoka kabla ya wakati. Apolonia alipewa dawa za wiki sita, na Anifa akawa anapita kuhakikisha hakosi hata siku moja. Constantine, afisa ustawi, alizungumza na kikundi cha akina mama wa kitongoji, nao wakaingia shambani.

"Ekari mbili kwa siku tatu," anasema Apolonia. "Hadi leo nikikutana nao njiani, natafuta neno la kuwashukuru, silipati."

Ila hofu haikuisha. Binti yake Vero, mwenye miaka mitano, alikuwa akinywa maziwa yaleyale. Alipimwa, akakutwa salama. Lakini Apolonia akishatoka na baiskeli, mtoto hubaki na bibi yake hadi alasiri, na mwenye maziwa katika nyumba hii ni huyo bibi, Milembe, mama mkwe wake. Kwa Milembe, maziwa yakiguswa na moto, ng'ombe hukauka chuchu.

Anifa alikuja kumweleza. Milembe alimsikiliza kwa adabu, kisha akamkaribisha kikombe cha maziwa mabichi.

Wiki iliyofuata akaja Nuruddin. Hakugusa habari ya maziwa. Alizunguka zizi, akasifu mapembe, akauliza nani kazaliwa na nani, akachukua damu. Kati ya ng'ombe saba, wawili walikutwa na ugonjwa, wakaondolewa zizini. Ndipo akasema lake, akimwita Milembe mama kwa Kisukuma.

"Mayu, hawa watano uwachemshie maziwa yao miezi miwili. Akikauka hata mmoja, nakuletea wangu."

"Wewe kijana wa mjini una ng'ombe?"

"Sina. Ndiyo maana siwezi kukudanganya, nitafilisika."

Milembe alicheka hadi akashika mbavu. Akachemsha. Miezi miwili ikapita, chuchu zikabaki vilevile.

"Nilimtaka sana huyo ng'ombe wa bure," anasema bibi huyo. "Hawa wangu wakaniangusha."

Sasa Apolonia akikuta homa isiyoisha, huuliza na habari za zizi. Watu kumi na mmoja amewapeleka kupimwa, na wanne wameanzishiwa dawa. Jioni anasoma masomo ya kidato cha nne ya watu wazima, apate nafasi ya chuo cha uuguzi.

"Nataka siku moja nikae upande wa Anifa," anasema. "Na vijiji jirani navyo vipate benchi kama letu. Mimi limenirudisha kwa mwanangu."

Kumepambazuka. Anavaa begi, lakini hatoki upesi. "Nikitoka, moyo hubaki hapa. Mazoea ya bibi ya miaka sabini hayafutwi na ile miezi miwili."

"Mwangaluka, mayu," sauti inatoa salamu ya asubuhi uani. Ni jirani yao, mzee Ndaki, kaja kuazima jembe.

Mgeni haachwi kinywa kikavu. Mkono wa Milembe unakwenda wenyewe kwenye kibuyu cha maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa sasa hivi, unajaza kikombe hadi ukingoni. Apolonia ameshika baiskeli, anakitazama kikombe.

Vero anainua uso kutoka kwenye kigoda chake.

"Bibi, hayo hayajachemka."