Selile Isiyo na Mlango

Neno la kwanza lililonishinda katika shule ya wakunga wasaidizi ya Kindu lilikuwa selile. Mtawa wa Kibelgiji aliyetufundisha, ambaye sote tulimwita Masera, aliliandika ubaoni kwa Kifaransa akasema mwili wa binadamu umejengwa kwa selile, nyingi kuliko mchanga wa mto Lualaba. Wenzangu waliandika. Kalamu yangu ilikwama, kwa sababu selile nilikuwa nimekwisha kuiona, maana Wabelgiji waliita hivyo chumba cha mahabusu pia. Ilikuwa kwetu Kabambare, nyuma ya ofisi ya teritware, ya mkuu wa wilaya: chumba cha giza chenye ukuta mnene, na baba yangu ndani yake, kwa kosa la kuacha majani yaote kwenye shamba la pamba tuliyolazimishwa kulima. Nilimpelekea ugali, polisi akanirudisha nao.

Basi daktari aliyekuja kututahini aliponiuliza selile ni nini, siku ya mtihani wa mdomo, nilijibu nilichokijua.

"Ni chumba kilichofungwa. Kilicho ndani hakitoki, na chakula hakiingii."

Wasichana walicheka. Daktari hakucheka. Alimwambia Masera kwamba atanisikiliza mara nyingine moja, na nikikosa nitapanda lori nirudi kwetu.

Kuanzia hapo wenzangu wakaniita Dada wa Kasho, yaani wa jela. Jioni wasichana walikaa wawili wawili kwenye mikeka, mmoja akiuliza, mwenzake akijibu. Nilipomwomba mmoja anisikilize alisema, "Wewe unasema sawa Mwarabu, mimi sitakusikia. Uende usome na wafungwa wako." Kweli, mimi nilisema mtu na wao walisema muntu, kwa kuwa babu zangu waliishi na Waungwana, watu waliokuja na Waarabu kutoka pwani. Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko, nikasikia mabehewa yakigongana huko stesheni, nikasali rozari peke yangu, nikijiitikia mwenyewe. Namshukuru Mungu kwamba hata sala ya namna hiyo anaipokea.

Siku moja baada ya masomo Masera alinizuia mlangoni.

"Mutoto, nani alikufundisha ile selile yako?"

Nikamweleza habari za baba. Akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Hata chumba changu kule konventi ya watawa jina lake njo selile," akasema.

"Na wewe nani alikufunga, Masera?"

"Hakuna muntu. Ufunguo iko kwangu." Akacheka kidogo. "Lakini siku zingine iko chumba kidogo sana."

Alichukua kitunguu chekundu, akabandua ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara, akaitandaza kwenye kioo na kuiweka chini ya mikroskopi. Nikaona vyumba vya zambarau vimepangwa kama nyumba za kambi ya reli, kila kimoja na ukuta wake. Alinionyesha doa hafifu ndani ya kimoja, akaniambia hiyo ni noyo, kiini chake. Noyo niliyoijua mimi ilikuwa kokwa la avoka. Ni sawa tu, alisema Masera, maana humo ndimo selile inamoweka habari za namna ya kuishi na kuzaa nyingine.

"Mlango uko wapi?" niliuliza.

Alidondosha maji ya chumvi ukingoni mwa kioo. Polepole ile zambarau ikaanza kujikunja, ikaachana na ukuta, ikabaki kibonge katikati. Ukuta haukusogea. Nilidhani ameiua. Akaweka maji matupu, na ile zambarau ikavimba tena mpaka ikagusa pembe zote.

"Maji yalitoka, maji yameingia," akasema. "Sasa uniambie, mlango iko wapi?"

Nilitazama sana. Ndani ya ukuta kulikuwa na utando, mwembamba hata jicho halikuukamata ila pale ulipojikunja.

Daktari aliporudi aliuliza swali lilelile. Nikasema selile ni chumba kilicho hai. Kinakula na kutoa uchafu wake. Hakina mlango kwa sababu utando wake wote unapitisha, lakini haupitishi kila kitu, unachagua. Akauliza nimejuaje. Nikamweleza kitunguu na chumvi.

"Abaki," akamwambia Masera.

Nje, yule aliyeniita Mwarabu alisema, "Dada wa Kasho, kumbe wamekufungua." Wenzake wakacheka, nami nikacheka, kisha wakaenda zao.

Masera aliniruhusu kutumia mikroskopi nikiwa na nafasi. Jumapili ile, baada ya misa, nilikwangua ndani ya shavu langu kwa kijiti, nikatia rangi ya buluu. Selile zangu hazikuwa na ukuta kama wa kitunguu. Zilikuwa na utando tu, na noyo katikati, zikielea mbalimbali ndani ya tone la maji. Nilimshukuru Mungu kwa kila moja niliyoiona. Nilipofika mezani wenzangu walikuwa wamekwisha kuketi, wawili wawili.