Gunia Nililolifua kwa Mama Mkwe

Nichekeni tu, ila msimfikishie mama yangu huko Kibiti. Nina wiki mbili tangu niolewe huku Mbuchi, na sifa nilikuwa nazitafuta kwa ufagio. Kabla jua halijachomoza nimeshafagia uwanja na kusugua sufuria kwa majivu, huku naota kijiji kizima kikinisifia.

Juzi mama mkwe akaniaga, "Mwanangu, nakwenda kuwaita wenzangu. Tukirudi, uji uwe tayari."

Wageni! Nikalivamia jiko. Pembeni nikakuta gunia limefunikwa majani ya mgomba, limelowa, lina joto, linanuka uchachu. Kufungua, mpunga umeota vijimizizi. Moyo ukaniuma. Masikini mama, nikawaza, uzee umeanza, amesahau chakula kikamwozea. Wenzake wakiona watamsema. Nikakibeba mbio, nusu nikawamwagia bata, nusu mtoni. Gunia nikalifua.

Wakaja wanawake sita, kanga viunoni, miguu peku.

"Bi harusi, jiko linang'aa hivi, tukanyage wapi?" mmoja akatania.

"Ndiye mkwe wangu huyo!" mama mkwe akajibu, anacheka. "Haya mwanangu, tuletee ile mbegu niliyoloweka. Imeshaota, leo tunapanda. Sina nyingine mwaka huu."

Nikaingia jikoni, nikatoka na gunia mikononi, jeupe, limekunjwa mara nne. Vicheko vikakatika.

"Mwanangu," akauliza taratibu, bado ananiamini, "mbegu umeihamishia wapi?"

Nikanyoosha kidole mtoni.